Uliza Tukujibu: Paroko aliyegoma kutoa stori

SWALI: Kaka mhariri habari za kazi. Nasoma chuo hapa Dodoma, tumepewa The Canterbury Tales ya Chaucer, yule mshairi wa Kiingereza, nimecheka sana na wale mahujaji wanaosimuliana hadithi njiani ila mwishoni nimekutana na paroko anahubiri dhambi na toba kurasa kwa kurasa, hamna hata stori. Rumeti anasema ruka tu, kwani kutubu si kuungama basi? Niruke?
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Usiruke mdogo wangu. Yule paroko aliombwa hadithi kama wenzie akagoma, mambo ya kubuni hataki na vina haviwezi, akawashushia mahubiri ya nathari. Enzi hizo (Chaucer kafariki 1400) kuungama haikuwa hiari, Mtaguso wa Laterano wa 1215 (mkutano mkuu wa Kanisa) ulishaagiza kila muumini aliyefikia umri wa kupambanua mema na mabaya aungame walau mara moja kwa mwaka, ndo maana miongozo ya namna hii ilikuwa mingi, na Chaucer mwenyewe sehemu kubwa kachota kwa watawa wawili wa shirika la Wadominiko, Raymundo wa Peñafort na William Peraldus.

Rumeti wako hapo kateleza. Paroko anasema kitubio ni mti, majuto ndo mizizi, maungamo matawi na majani, malipizi (matendo ya kulipia dhambi) ndo matunda, sasa ukiishia kuungama una majani tu. Bado sadaka, kufunga, kukesha na kusali.

Halafu kuna sehemu inanikuna sana, anakataza kugawa dhambi, hizi kwa padri huyu, zile za aibu kwa mwingine, anasema huko ni kuinyonga roho yako. Na wapo hapa mjini Kwaresima ikifika wanavuka parokia nzima wakaungame kwa padri asiyewajua! Kubadili padri siyo kosa jamani, kugawa ndo shida.

Vile vichwa saba vya dhambi (kiburi, wivu, hasira, uvivu, uchoyo, ulafi na uzinzi) kila kimoja kina dawa yake. Ulafi ni mfupi, pita. Kwenye kiburi nenda taratibu, anawachana wenye magauni yanayoburuzwa kwenye tope na mavi mpaka kitambaa kinaoza huku maskini hana cha kuvaa, akimaliza anageukia wanaume wenye nguo fupi za kubana mpaka maungo yanachoreka, yaani jamaa alikuwa anatazama watu kwelikweli.

Na ukimaliza usifunge kitabu, kuna kaukurasa kanafuata, Chaucer anaomba msamaha kwa maandishi yake ya kidunia zikiwemo baadhi ya hadithi hizohizo. Muulize mwalimu kama alimaanisha au alikuwa anatania, darasa litawaka.