Maswali na Majibu: Skrini Inapozungushwa

Nikizungusha simu, yote ambayo mtumiaji ameyajaza kwenye fomu yanapotea. Nifanye nini?

Swali hili linarudi kila mara, na wengi wanaoliuliza hawajasoma hata ukurasa mmoja wa maelezo ya mfumo. Kwenye Android, skrini inapozungushwa, Activity iliyopo, yaani sehemu ya programu inayoendesha skrini moja, huharibiwa na nyingine kuundwa, ili programu isome mpangilio unaolifaa umbo jipya. Hiyo si hitilafu. Ndivyo mfumo ulivyokusudiwa kufanya kazi, na kila ulichokiweka ndani ya Activity hupotea pamoja nayo. Data ya skrini iwekwe kwenye ViewModel (chombo cha kutunzia data nje ya Activity), ambayo hubaki hai wakati wa mabadiliko hayo. Usiishie hapo, kwa kuwa ViewModel nayo hufa pale mfumo unapouzima mchakato mzima ili kupata kumbukumbu. Vitu vidogo, kama vile maandishi ambayo hayajakamilika, vihifadhiwe pia kupitia onSaveInstanceState, njia ya mfumo ya kutunza hali ya skrini kabla Activity haijaharibiwa. Picha usizitie humo: njia inayopitisha data hiyo ina nafasi ya takriban MB 1 kwa mchakato mzima, na ukiizidi programu itaanguka.

Je, si rahisi zaidi kuifunga skrini ibaki wima?

Ni rahisi kwako, na ni hasara kwa mtumiaji. Kufunga skrini hakuondoi kosa bali hulificha, kwa sababu Activity huundwa upya pia lugha inapobadilishwa, mandhari ya giza inapowashwa au dirisha linapopunguzwa ukubwa, na fomu yako itapotea vilevile. Tena, wapo watu ambao simu zao zimefungwa kwenye viti vya magurudumu na hawawezi kuzigeuza. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG 2.1 wa mwaka 2018, unataka maudhui yasilazimishwe kuonekana kwa mkao mmoja, isipokuwa mkao huo uwe wa lazima kwa kazi yenyewe. Hata mfumo umeanza kuchoshwa na tabia hii: kwa programu zinazolenga Android 16, kufuli hiyo hupuuzwa kwenye skrini ambazo upande wao mfupi unafikia 600dp (dp ni kipimo cha skrini kisichotegemea wingi wa nukta zake), ingawa michezo imeachwa nje ya kanuni hiyo. Anayeendelea kujenga juu ya kufuli anajiwekea deni ambalo tarehe yake ya kulipwa imekwisha kutangazwa.

Nimeandika configChanges (orodha ya mabadiliko ambayo Activity hujishughulikia yenyewe bila kuundwa upya) yenye orientation, yaani mkao wa skrini, lakini Activity bado inaundwa upya.

Tangu Android 3.2, kuzungusha hubadilisha pia ukubwa wa skrini, hivyo unapaswa kuongeza screenSize, yaani ukubwa wa skrini, kwenye orodha hiyo. Afadhali usiongeze chochote, kwa maana ukishajitwika kazi hiyo, mpangilio uliouweka kwenye layout-land (folda ya mipangilio ya skrini iliyolazwa) hautapakiwa wenyewe.

Nipime kama kifaa kimeshikwa kwa mlalo, kisha nionyeshe safu mbili?

Hapana. Pima upana wa dirisha ulilopewa. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, programu mbili zinaweza kugawana skrini, na kifaa kilichoshikwa kwa mlalo kinaweza kukupa dirisha jembamba lisilotosha hata safu moja na nusu. Chini ya 600dp baki na safu moja. Kuanzia 840dp safu mbili hukaa vizuri. Katikati ya hapo amua kwa kuangalia maudhui yako, wala si kwa kunakili programu ya mwingine.

Na kwenye iPhone?

Huko skrini haiundwi upya, lakini funga vitu vyako kwenye eneo salama, yaani sehemu ya skrini isiyozibwa na kitu, kwa sababu tangu iPhone X ya mwaka 2017 pengo la kamera huhamia ubavuni simu inapolazwa.

Nitajuaje kwamba nimefaulu?

Jaza fomu nusu, zungusha simu, kisha uirudishe. Baada ya hapo, nenda kwenye mipangilio ya wasanidi programu, washa chaguo la kutohifadhi Activity, toka kwenye programu na urudi. Kilichopotea katika jaribio la pili ndicho ulichokuwa umekiachia ViewModel peke yake.