Unataka tenki la lita 1000 lililotumika? Uliza kwanza lilibeba nini

Hapa Dar ukipita Barabara ya Nyerere au ukiingia kule Vingunguti utayaona yamepangwa nje ya mageti, yale matenki meupe ya lita 1000 yenye fremu ya chuma na paleti chini, wengi wanayaita IBC, pembeni yake mapipa ya bluu ya lita 200 na mafurushi ya jambo bagi, yale magunia makubwa yanayonyanyuliwa kwa winchi. Viwanda vinaletewa malighafi humo, zikiisha wanataka nafasi, kwa hiyo wanauza kwa bei nafuu kweli ukilinganisha na tenki jipya dukani. Mimi nimekuwa nikiyanunua kwa miaka sasa, ya nyumbani na ya shamba, na ndugu na majirani wengi nimewasindikiza kwenda kuchagua, maana kwa kweli inaniuma nikiona plastiki nzuri namna ile inachomwa moto au inatelekezwa kwenye korongo wakati ina miaka mingine mingi ya kufanya kazi. Lakini ninachotaka kukisema hapa kwa nguvu ni kwamba tenki kuukuu huwezi kulijua kwa macho. Linaweza kuwa jeupe pee, halina harufu, kumbe lilibeba dawa ya kuulia wadudu.

Lile plastiki ni HDPE, ile yenye namba 2 ndani ya pembetatu. Ni gumu na haliozi, ila vitu kama thina, petroli na viuatilifu vinaingia ndani ya ukuta wake wenyewe, halafu baadaye vinatoka kidogokidogo na kuingia kwenye maji utakayoweka. Sasa mtu akikwambia ameliosha kwa sabuni ya unga na maji ya moto mpaka limetakata, ameosha juu tu, kilichozama ndani hajakigusa. Ndiyo maana FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, linasema wazi kabisa kwamba chombo cha kiuatilifu kisitumike tena kuweka chakula wala maji, kinasuuzwa mara tatu, yale maji ya kusuuzia yanarudi kwenye bomba la kupulizia yakamalizikie shambani, halafu kinatobolewa ili mtu mwingine asije akakiokota. Hapo hakuna mjadala.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela fanya hivi. Zunguka upande wa mbele, kwenye fremu ya chuma utakuta bamba dogo la bati. Kama tenki lilitengenezwa kubeba vitu vya hatari utaona alama ya UN kwenye duara, halafu maandishi yanaanza 31HA1, halafu mwezi na mwaka lilipotengenezwa. Huo mwaka una maana kubwa, kwa sababu kwa taratibu za kimataifa tenki la plastiki la aina hiyo linaruhusiwa kusafirisha kemikali hatari kwa miaka 5 tu tangu litengenezwe, likishapita hapo linaweza kufanya kazi nyepesi lakini usilirudishe kubeba asidi. Baada ya bamba tafuta lebo ya mzigo. Ukiona zile almasi zenye mpaka mwekundu, fuvu, moto, ile ya samaki aliyekufa pembeni ya mti mkavu, tulia usome jina la kilichokuwemo na ulitafute kwenye simu palepale. Kama lebo imebanduliwa na muuzaji anajibu "hii ilikuwa na mafuta tu bosi wangu" bila kusema mafuta gani, mwache na tenki lake. Mimi huwa naenda hatua moja zaidi, naomba kuongea na stoo kipa wa kiwanda lilikotoka, yule ndiye anajua, na mara nyingi anakuonyesha hadi lingine lililojaa lenye lebo nzima.

Fungua na mfuniko wa juu unuse kwa mbali, usiingize kichwa jamani, tena mtu asiingie ndani ya tenki kuosha hata kama anatosha, mvuke wa kemikali unaangusha mtu kabla hajaita. Halafu angalia koki ya chini, gasketi yake, ule mpira wa kuzibia, ndiyo inakaa na uchafu wa mzigo wa zamani kuliko sehemu nyingine yoyote, ifungue, kama ina utando unaonata au imebadilika rangi, basi ujue na ukutani kuna kitu.

Kwa maji ya kunywa na kupikia mimi nachukua lile tu lililobeba chakula na nimelithibitisha, mfano mafuta ya kula, glukosi, siki, juisi nzito ya viwandani. Lililobeba malighafi ya sabuni naliweka kwenye maji ya kufulia, ya choo na ya ujenzi. Yale ya kemikali za kuchanganyia zege yamejaa sana kwenye saiti, hayo yabaki hukohuko saiti. La gundi, rangi, dawa ya mbao, asidi ya betri, usilipeleke nyumbani kabisa.

Ila kazi bora kuliko zote ambayo tenki au pipa linaweza kupewa ni ileile ya mwanzo, na hili watu wanalisahau. Mnaotengeneza sabuni ya maji mitaani, mnanunua malighafi zenu, salfoniki na slesi, kwa pipa zima, mkimaliza mnauza pipa kwa mama wa kuhifadhi maji halafu wiki ijayo mnanunua mzigo kwenye pipa jingine. Ongeeni na anayewauzia awajazie lilelile. Halihitaji kuoshwa hata tone, ule utelezi uliobaki ndani ni mali yako bado, pipa jipya halitengenezwi, na wewe unapunguziwa gharama ya chombo. Huko Ulaya na Marekani kuna makampuni kazi yao ni hiyo, wanakusanya matenki, yanayosafishika yanasafishwa, yasiyosafishika wanatoa chupa ya ndani wanaweka mpya kwenye fremu ileile ya zamani. Kwetu sisi hata kabla ya kufika huko, kurudishiana kati ya muuzaji na mnunuzi kunawezekana leo.

Sasa nije kwenye kitu ambacho sijasikia mtu akikiongelea, maji ya kuoshea. Tunasifiana kwamba tumeokoa tenki lisitupwe, halafu tunaliosha uani na lile povu lote linaenda mtaroni. Pale Vingunguti mtaro unaenda Mto Msimbazi, na bonde la Msimbazi watu wanalima mchicha na matembele tunayonunua sokoni, halafu mto wenyewe unapita Jangwani unaenda kumwaga baharini pale daraja la Salenda. Kwa hiyo ile kemikali hukuiokoa, umeihamisha kutoka kwenye tenki kuja kwenye sahani. Ukinunua, mwambie muuzaji alisuuze hukohuko kiwandani na yale maji ya kwanza wayarudishe kwenye uzalishaji wao, kiwanda cha sabuni kinaweza, cha juisi kinaweza, nimeshaona wakifanya bila shida yoyote ukiwaomba vizuri. Lile la mafuta ya kula, mtafute fundi wa sabuni ya kipande akombe mabaki yote kwanza ndipo uoshe kwa maji ya moto na sabuni. Kama mzigo uliokuwemo unakuogopesha kumwaga mtaroni, basi usilinunue.

Likishafika nyumbani kumbuka lita 1000 za maji ni tani nzima, bila kuhesabu tenki lenyewe ambalo ni kilo kama 60. Usiliweke juu ya matofali mawili matatu kwenye mchanga ambapo watoto wanacheza, piga zege au jenga kitako cha maana. Jua nalo ni adui, mwanga ukipenya kwenye plastiki nyeupe maji yanaota ukijani na plastiki yenyewe inaanza kuwa na nyufa, na rangi ya kupaka haishiki vizuri kwenye HDPE inabanduka, kwa hiyo mimi navisha turubai jeusi kati ya plastiki na fremu. Na mfuniko uwekwe chandarua. Wale waliougua dengi Dar mwaka 2019 wanajua ninachoongea, mbu wake anazaliana kwenye maji safi yaliyotulia majumbani kwetu, tenki lililo wazi ni nyumba yake.

Faida yake utaiona mvua zikija. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita 1, kwa hiyo bati la mita za mraba 60 likipigwa mvua ya milimita 20 linashusha karibu lita 1200, punguza kidogo kwa zinazopotea, tenki limejaa kwa mvua moja ya vuli. Zile dakika za kwanza mwaga nje kwanza, zinashusha vumbi na vinyesi vya ndege. Mwaka 2022 mwezi wa kumi Mto Ruvu ulipopungua tukaingia kwenye mgao wa maji, nyumba zilizokuwa na akiba hata ya tenki moja zilipumua.

Kwa mafundi wa Gerezani na wenzetu wa Kamukunji kule Nairobi ambao mnageuza mapipa ya chuma kuwa majiko na masanduku, kazi yenu naiheshimu sana. Naomba kitu kimoja tu, pipa lililokuwa na petroli, thina au spiriti usiliguse na grainda wala gesi likiwa tupu. Tupu ndiyo hatari zaidi, mvuke uliobaki ndani ukikutana na cheche pipa linalipuka kama bomu. Lisafishe, kisha lijaze maji karibu lote, acha nafasi ndogo tu unapokata na tundu liwe wazi.

Na tenki likizeeka kabisa usiliuze zima, lifungue. Chupa ya ndani ina kilo kama 15 za HDPE nyeupe, na nyeupe inatakiwa na wasagaji kuliko ya bluu kwa sababu inakubali rangi yoyote baadaye, ikatwe vipande, ikauke, ipimwe peke yake. Fremu inaenda skrepa. Koki nzima usiitupe, kila mara kuna mtu anaitafuta. Paleti ya mbao itazame muhuri wake, HT ni mbao iliyopashwa joto, hiyo tengeneza hata kabati la jikoni, MB imefukizwa dawa, iache nje. Jambo bagi zilizobeba sukari au mchele zinafaa sana kuoteshea magimbi na viazi au kujazia mboji, ila nyingi zimeshonwa kwa safari moja, usije ukazinyanyulia mzigo mzito kwa winchi mara ya pili.