Chakula Hakifurahiwi, Hunoga

Msomaji wa Morogoro ameniandikia: "Ninafanya kazi mgahawani. Tajiri wetu kaandikisha ukutani 'Furahia chakula chako'. Nikasema ingefaa 'Kula kwa raha', mwenzangu akasema ni yale yale. Je, furaha, raha, starehe na faraja si kitu kimoja?"

Si kitu kimoja. Yote manne yametoka kwenye Kiarabu, na raha na starehe ni ndugu wa mzizi mmoja, ule wa kupumzika. Ndiyo maana aliyetulia tunasema amekaa raha mustarehe. Lakini kila neno lina kazi yake. Ukitaka kuhakikisha, nenda msibani. Wafiwa tunawaombea faraja. Mwambie mjane "Mungu akupe furaha" uone watu watakavyokugeukia! Faraja huja baada ya dhiki. Furaha huja na jambo: mtoto kafaulu, mgeni kafika, mvua imenyesha. Raha haingoji habari yoyote, hata kuvua viatu jioni ni raha, na mitaani wanasema raha jipe mwenyewe. Starehe ni kutosumbuliwa. Mzee akitaka kunyanyuka akupishe kiti, unamwambia "Starehe, mzee", naye anabaki alipo. Inaniuma kuona vijana wengi wakisikia neno hili zuri wanafikiria baa tu.

Sasa huo ukuta. Hii "furahia" imenichosha. Iko kila mahali: furahia safari, furahia ofa, furahia usiku wako. Safari njema imekosa nini? Lala salama imemkosea nani? Kufurahia ni kufurahi kwa sababu ya jambo fulani: bibi alifurahia kurudi kwa mjukuu wake. Ukiniambia nifurahie wali maharage, umeniambia nishangilie kwamba sahani imefika.

Mswahili hamwamrishi mlaji ajisikie vipi. Sifa anakipa chakula chenyewe. Mchuzi umekolea. Pilau imenoga. Kaa kijiweni uangalie. Muuza kahawa anamimina kahawa chungu kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Mzee anamega kashata, anapiga funda moja, anafumba macho, anashusha pumzi. "Leo imekolea." Basi. Hajatuambia habari za moyo wake, na kila aliyekaa kwenye benchi lile ameujua. Ngoma hunoga, mazungumzo hunoga, hata usingizi wa alfajiri hunoga. Lugha yenye neno kama hilo haina haja ya kuazima amri ya kufurahi.

Na hiyo "chako" ndiyo inayonikera kuliko yote. Tangu lini chakula chetu kikawa cha mtu mmoja? Anayekula akikuona unapita, hata kama mkononi ana andazi moja, atakwambia "Karibu". Hasemi karibu andazi langu. Waliozoea kila mtu na sahani yake wana adabu yao, na kwao inawafaa. Kwetu mtu hukaribishwa kwanza, mambo ya nani mwenye sahani hayaulizwi. Andika "chako" na umemfungia mteja mlango, yeye na ugali wake, na jirani wa meza ya pili hamhusu.

"Furahia maisha" nimeshaizoea, siigombi tena. Maisha ni jambo, mtu anaweza kuyafurahia. Likizo pia, haya, ipite. Ila mezani sikubali.

Kwa hiyo, msomaji wangu, umemshinda mwenzako lakini ukuta bado hujaupata. "Kula kwa raha" ni Kiswahili safi kabisa, nami humwambia hivyo mwanangu akibugia chakula mbiombio kuwahi mpira. Ila mteja ni mtu mzima asiyekujua, na "kula" tupu ukutani inamsikika kama amri. Mwambieni tajiri afute, aandike "Karibu chakula". Mteja akimaliza, mwulizeni kama kimenoga.