Kabla ya kuku: shamba litaandikwa jina la nani?

Dada, simama hapo hapo. Umeuliza mambo manne kuhusu shamba mnalotaka kununua: kuku au mihogo, kisima au tangi, sola, na kama wanawake watano wa Dar mtaiweza Muheza, huku Tanga. Halafu katikati ukapenyeza kwamba shamba litaandikwa jina la shemeji "ili kurahisisha". Hayo mengine nitajibu nikikumbuka.

Sisi tulikuwa sita. Wafeministi kwelikweli, fulana tumechapisha. Tukaja huku kujifunza kulima tujitegemee, tusimwombe mwanaume hata chumvi. Dalali akasema, "Wazee wa huku hawauzii wanawake watupu, wekeni mwanaume mbele." Na semina zetu zote, tukamweka kaka wa mwenzetu! Ekari tatu, karatasi ya daftari, mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji, soda zikanywewa.

Tukapanda michungwa 200. Kubebesha nilijifunza mwenyewe: unapasua ganda la mche wa limao kwa kisu kikali, unapachika jicho la mchungwa, unafunga nailoni kama unafunga kidonda. Miaka mitatu ya kumwagilia kwa ndoo. Mwaka wa nne maua yametoka, shamba zima linanukia, kaka huyo na mnunuzi wake. Kauza, na michungwa yetu juu. Tulipopiga kelele tukaulizwa: majina yenu yako wapi? Hata kwenye mashahidi hatumo. Siku ya kutia saini tulikuwa jikoni tunapika pilau ya kusherehekea uhuru wetu.

Namba ya yule dalali bado ninayo. Akinipigia nitampa mwanaume aongee naye.

Tena alitudanganya mchana kweupe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 3, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Wazee aliowasingizia ndio walitushangaa: mbona hamkufika serikali ya kijiji? Mhuri wa kitongoji si kikao, dada. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji, mauziano yapite halmashauri ya kijiji, mwondoke na nakala ya muhtasari wa kikao yenye majina yenu yote matano, kisha fuatilieni hati ya hakimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, kwa majina hayo hayo. Shemeji akitaka sana kusaidia, abebe matofali.

Kabla ya hapo msichimbe hata shimo la mgomba.

Ee, na kuku. Wetu walibaki na shamba.