Siku ya oili isiwe na hesabu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: sevisi ya bodaboda ilipwe na nani, tajiri mwenye pikipiki au dereva? Jibu langu la haraka ni tajiri. Chombo ni chake, kadi ina jina lake na hesabu, yaani hela anayopelekewa na dereva, inaingia mfukoni mwake kila jioni. Mkataba unaomtwika dereva "matengenezo madogo madogo" unaua pikipiki. Mtu anayetakiwa kutenga Sh 8,000 ya hesabu kabla hajala hawezi kuiona Sh 12,000 ya oili kuwa kitu kidogo. Ataisogeza hadi Jumamosi, halafu hadi mwisho wa mwezi.

Ila swali linachukulia kwamba sevisi inafanyika, na kinachogombaniwa ni nani atoe hela. Hapa Moshi, na Arusha ni yale yale, hela inatoka na pikipiki zinakufa vilevile.

Chukueni pikipiki moja tu ya cc 125, injini ya Kichina ya muundo wa CG, ulioanzishwa na Honda, iliyokuwa ikipandisha abiria Kibosho asubuhi na kushuka Mabogini na Chekereni mchana. Tajiri wake alifanya kila ninachodai hapo juu: alilipa sevisi yote, dereva hakuchangia hata mia. Tena alinunua galoni ya lita tano ya oili ya gari, 5W-30, kwa sababu kwa lita ilikuwa nafuu na chapa yake ilikuwa na jina. Baada ya wiki chache pikipiki ikaanza kulia bila kwenda. Gia ya pili kwenye kilima, injini inanguruma, tairi linazunguka kivivu. Huko ni klachi kuteleza, na kila aliyekaa gerejini anakujua.

Gereji ya kwanza ikabadilisha pleti za klachi, Sh 15,000 na ufundi 8,000. Ikapona siku kumi, ikarudia. Zikawekwa pleti nyingine kwa bei ile ile. Pleti hazikuwa na kosa. Pikipiki hizi klachi yake inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili nyingi nyepesi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo. Gari klachi yake iko pakavu, haidhuriki. Ya pikipiki inaishi kwa msuguano huo huo. Ndiyo maana chupa ya oili ya pikipiki ina alama ya JASO MA au MA2, kipimo cha Wajapani kwa oili isiyotelezesha klachi, na kwa injini hizi zinazopozwa na upepo, katika joto letu, uzito wa 20W-50 unafaa. Alama iko nyuma ya chupa kwa maandishi madogo, na gerejini hapo hakuna aliyeigeuza ile galoni kuisoma.

Klachi ikawa inashika nusu nusu, na moshi wa bluu ukaanza kutoka. Gereji ya pili ikasema kabureta, Sh 35,000. Hapo ndipo panaponiuma. Moshi mweusi ungekuwa petroli nyingi, na hapo kabureta ingeshtakiwa kwa haki. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Kipimo chake hakifiki dakika tano: piga kiki na kidole kwenye tundu la plagi usikie mgandamizo, kisha mimina kijiko kimoja cha chai cha oili humo tunduni, piga tena. Mgandamizo ukipanda, ringi na silinda vimelika. Usipobadilika, tazama valvu. Fundi yule hakukosa ujuzi huo. Kwetu kuangalia hakulipwi. Fundi akikaa nusu saa anapima halafu akuambie tatizo ni oili uliyonunua mwenyewe, utamwambia asante na kuondoka. Akikuuzia spea, watoto wake watakula. Tumemfundisha sisi wenyewe kuuza spea.

Gereji ya tatu ilifanya hicho kipimo cha kijiko, ikashusha bloku. Ringi ilipowekwa peke yake ndani ya silinda, uwazi wa ncha zake ulikuwa karibu milimita moja. Injini ndogo kama hii ikiwa mpya uwazi huo ni karibu theluthi tu ya hapo, au chini yake. Silinda ilikuwa na mikwaruzo wima na ukingo juu, pale ringi inapoishia. Huo ni ulaji wa vumbi, na kisanduku cha hewa kilipofunguliwa, sponji ya filta haikuwemo. Dereva aliitoa ili injini "ipumue" kwenda Kibosho. Kweli ilipata wepesi kidogo, halafu kila mchana ikavuta vumbi la Chekereni moja kwa moja kwenye pistoni. Ile sponji inaoshwa kwa mafuta ya taa, inakaushwa, inapakwa oili kidogo na kukamuliwa. Wakati wa kiangazi ioshwe kila wiki. Karibu haigharimu chochote.

Kisha kikafunguliwa kifuniko cha kulia, upande wa klachi. Injini za CG hazina filta ya oili ya karatasi. Zina kikombe kinachozunguka na kutupa uchafu pembeni, kikiwa na kifuniko cha skrubu tatu, na wavu mdogo chini ya injini. Kikombe kilijaa tope jeusi zito kama grisi. Kila "sevisi" iliyolipiwa ilikuwa kumwaga oili na kujaza nyingine. Kikombe hakikuguswa, kwa kuwa kukifikia kunachana gasketi, na gasketi ni hela nyingine ya kuomba. Lakini oili mpya inayopita kwenye tope inachafuka siku ile ile. Kukisafisha kikombe mara moja kila sevisi ya tatu au ya nne kunatosha.

Hesabu yake ni hii: klachi mara mbili Sh 46,000, kabureta 35,000, na kazi ya mwisho, yaani kuchonga bloku, pistoni iliyozidi kwa milimita 0.50, ringi, valvu, gasketi, oili na ufundi, 120,000. Siku tisa bila hesabu ni 72,000. Jumla Sh 273,000. Kwa hela hiyo zinapatikana lita 22 za oili sahihi na chenji. Injini hizi zinabeba karibu lita moja. Ukimwaga kila siku kumi na tano, hizo ni siku 330.

Kwa hiyo tajiri alilipa, na injini ikafa. Dereva naye aliona oili imeshuka chini ya alama na hakuongeza, kwa kuwa oili ni ya tajiri. Nilipoanza kuandika nilikuwa na uhakika kuliko nilionao sasa. Gharama iwe ya tajiri, hapo sibadiliki, ila mkono unaoshika chupa naona uwe wa dereva. Yeye ndiye anayesikia injini kutwa.

Ningependa mkataba uandikwe hivi: kila kilomita 1,500, siku hiyo haina hesabu. Dereva ananunua oili ya 20W-50 yenye alama ya JASO MA au MA2, anaimwaga ya zamani injini ikiwa bado ya moto, na anampelekea tajiri chupa tupu na sponji iliyooshwa. Kipimo cha oili kisomwe pikipiki ikiwa imesimama wima, si kwenye stendi ya pembeni, na kwa hizi CG kijiti kinaegeshwa tu, hakikazwi. Siku hiyo hiyo cheni ilegee kati ya milimita 20 na 30, na uwazi wa valvu upimwe kwa filageji, kile kijibamba chembamba cha kupimia, milimita 0.08, injini ikiwa ya baridi. Fundi anayepima kwa kutikisa na kidole huziacha zimebana, na valvu ya ekzosi inaungua. Kama mshale wa kilomita umekufa, na nyingi umekufa, hesabuni petroli: lita 35 hadi 40 zikishaingia, oili imemaliza kazi. Pikipiki ya mlimani tupu, Uru au Kibosho, ipunguziwe hadi lita 30, maana huko injini inafanya kazi gia ya pili kutwa.

Hili linafaa kwa dereva mwenye mkataba, ambaye pikipiki itakuwa yake. Deiwaka, dereva wa kibarua, anayekaa nayo siku tatu hana sababu ya kuosha sponji ya mtu. Kwa huyo, tajiri ashuke gerejini mwenyewe, ageuze chupa asome nyuma, na amlipe fundi hela ya kuangalia hata kama hakuna spea iliyobadilishwa.

Msomaji wenu, Moshi