Bendi bila besi? Mi mpiga besi nasema inakaa

Swali la wiki hii mmeuliza chombo gani ukikitoa kwenye bendi basi bendi imekufa. Najua wengi watajibu besi, na mi mwenyewe napiga gita la besi kwenye kwaya ya kanisani mwaka wa tisa sasa, ningependa sana nijibu hivyohivyo maana ndo ugali wangu (hatulipwi, lakini mmenielewa). Ila kuna watu watatu wa Marekani wamenifunga mdomo.

Wanaitwa Beat Happening. Calvin Johnson, Heather Lewis na Bret Lunsford, walianza mwanzoni mwa miaka ya 80 kwenye mji mdogo wa Olympia, jimbo la Washington. Gita, dramu na wa kuimba, basi. Na hata hivyo vitu havikuwa na mwenyewe, wimbo ukiisha wanabadilishana, aliyekuwa anaimba anakaa kwenye dramu, wa dramu anashika gita, na mara nyingi wakienda kupiga shoo hata hizo dramu wanaazima kwa bendi nyingine. Sasa mtu anayeazima dramu utamwambia akanunue besi?

Mara ya kwanza nawasikiliza nilidhani hedifoni zangu zimekufa. Nikabadilisha simu, nikachomeka kwenye spika ya sebuleni, wapi, ndo walivyo. Nikakasirika kidogo kusema kweli, ni kama umealikwa harusini halafu kiti chako hakipo.

Halafu nikasikiliza "Indian Summer", uko kwenye albamu yao ya 1988 inaitwa Jamboree, hapo ndo nikashtuka. Anaimba Calvin, na Calvin ana ile sauti ambayo sisi kwaya tunaiweka mstari wa nyuma kabisa, sauti ya nne, nzito, anaiburuza kama mtu kaamshwa usingizini. Gita linazunguka palepale, dramu zinakwenda mwendo wa mtu anayerudi nyumbani hana haraka, na kule chini, pale ambapo mi ningekaa na nyuzi zangu nne, kakaa yeye na koo lake. Yaani besi ilikuwepo muda wote ila mi nilikuwa naitafuta kwenye gita.

Nikadhani nimemaliza hesabu, akaingia Heather. Huyu sauti yake nyepesi, haibebi chochote cha chini, kwa hiyo nyimbo zake pale chini pako wazi kabisa na hakuna aliyejisumbua kupaziba. Na bado zinasimama! Nadhani ni kwa sababu hakuna kinachomfunika, unasikia gita linavyokwaruzwa, unasikia anavuta pumzi kabla ya mstari, kama mtu anakuimbia jikoni huku anaosha vyombo. Ukiweka besi pale unamsukumia Heather nje ya jiko lake mwenyewe.

Sio kila mtu alipenda lakini, walipotangulia kupiga kwenye shoo ya Fugazi, bendi ya punk, mashabiki waliozoea kelele za kweli waliwazomea. Mi nawaelewa wale mashabiki, mwanzo nilikuwa mmoja wao.

Mji huohuo wa Olympia mwaka 1994 wakaja Sleater-Kinney, hao ni rock ya hasira, magita mawili na dramu, besi hakuna, ila Corin Tucker na Carrie Brownstein walilegeza nyuzi za magita yao zikashuka nusu toni tatu, kwa hiyo uzito wakaupata kwa njia nyingine. Na New York kuna Yeah Yeah Yeahs, nao watatu, albamu yao ya kwanza ya 2003 haina mpiga besi na watu waliruka vizuri tu.

Sisemi tutupe magita ya besi jamani. Rumba ukiitoa besi umeua, sebene linabaki kama kuku aliyenyonyolewa, kwa sababu pale besi inaongea na kiuno na kiuno hakidanganyiki. Lakini hata sisi huku tunao mchiriku, kinanda kidogo cha Casio, ngoma, na spika za honi zinazopasuka masikio, gita la besi halipo na Uswahilini watu wanacheza mpaka asubuhi, mbona hatujawahi kuwauliza iko wapi?

Nimalizie na la kwangu. Mwaka juzi tumekwenda kuimba harusi, tunafunga vyombo, amplifaya ya besi ikatoa moshi, kwisha. Nikapewa kazi ya kukaa. Mwalimu akawageukia wanaume wa sauti ya nne, wako watano, akawaambia leo nyie ndo besi, msiimbe maneno, shikeni tu chini. Nimekaa pale nimenuna nataka iharibike ili wajue umuhimu wangu, haikuharibika, ule wimbo wa kuingia bibi harusi nilisikia sauti ya pili vizuri kwa mara ya kwanza toka nijiunge. Jumapili iliyofuata fundi kashatengeneza, nimerudi na gita langu, nimepiga nyimbo mbili tu, mama mmoja wa sauti ya kwanza akanisogelea taratibu akaniambia mwanangu hebu punguza kidogo, juzi tulikuwa tunasikiana.