Kabla Hujaandika "Wasiwasi" Kwenye Faili: Kwa Wanaoanza Zamu za Wodi Kisumu

Saa tisa usiku ameletwa mtu anatetemeka, jasho linamtiririka, mpigo wa moyo 124 kwa dakika. Aliyemleta anasema, "Amekuwa na mawazo sana siku hizi." Anayeanza kazi huandika wasiwasi, humpa kitanda, basi. Kalamu iweke chini kwanza. Noradrenalini na adrenalini, kemikali za mwili za kushtuka, humwagika vilevile, iwe mtu ameogopa au sukari yake imeanguka.

Pima sukari ya kidole kabla ya yote. Kwa mwenye kisukari, chini ya 4 mmol/L tayari ni tatizo. Ukanda huu wa ziwa una malaria nyingi, na malaria kali hushusha sukari. Kwinini, dawa ya malaria, nayo huishusha zaidi. Anayeweza kumeza apewe maji ya sukari. Mtu mzima aliyepoteza fahamu huwekewa deksitrosi, yaani maji ya sukari ya hospitali, kwenye mshipa: mililita 250 za asilimia 10 humpa gramu 25. Rudia kipimo baada ya dakika 15, kwa sababu sukari hupanda ikashuka tena.

Hapo kuna mtego. Mgonjwa wa kisukari anayetumia propranololi, dawa ya presha na moyo, huenda asitetemeke wala moyo usimwende mbio, kwa kuwa dawa imeziba vipokezi vya beta, milango ambayo adrenalini hupitia kuamrisha moyo. Jasho litabaki. Tezi za jasho huamriwa na neva zilezile za simpathetiki, zinazoendesha hali ya kushtuka, lakini kemikali yake pale ni asetilikolini, ambayo propranololi haiigusi. Kwa hiyo shati lililolowa kwa mgonjwa aliyetulia ni dalili, si joto la Kisumu.

Sukari ikiwa sawa, pima joto, oksijeni na damu, tazama shingo kama kuna goita (uvimbe wa tezi ya shingo), kisha uliza kuhusu miraa na muguka, majani ya kutafuna yanayochangamsha. Uliza kwa upole, bila mzazi wala mke kusikiliza: "Leo umechana?" Kathinoni iliyo kwenye majani hayo husukuma dopamini na noradrenalini zitoke kwenye ncha za neva, ndiyo maana mchanaji hukesha, hakumbuki njaa, presha yake hupanda. Yakiisha mwilini huja uchovu na huzuni, na hapo ndipo wengi hupewa jina la ugonjwa wa akili kabla ya wakati.

Kemikali hizi ni za ukoo mmoja. Tairosini ya protini tunazokula, omena na maharagwe zikiwemo, hugeuka dopa, kisha dopamini, kisha noradrenalini; ndani ya tezi zilizo juu ya figo huendelea hadi adrenalini. Tofauti zao zina maana kazini. Noradrenalini hubana mishipa kwa nguvu kupitia kipokezi cha alfa-1 lakini ni dhaifu kwenye beta-2, kipokezi kinacholegeza njia za hewa. Kwa hiyo mzio mkali unaoziba pumzi hutibiwa kwa adrenalini: mtu mzima miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, na hurudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu.

Upande wa hisia, amitriptilini, dawa ya ugonjwa wa huzuni, ndiyo mtakayokutana nayo sana. Huzuia noradrenalini na serotonini zisifyonzwe tena na neva zilizozitoa. Kazi hiyo huanza mapema, ila huzuni huchukua wiki 2 hadi 4 kupungua, na maudhi hayasubiri: mdomo mkavu, choo kigumu, kizunguzungu mtu akiinuka ghafla. Asipoambiwa mapema, siku ya tano ameacha vidonge. Mwambie ameze usiku, miligramu 25 za kuanzia, na aketi ukingoni mwa kitanda kwanza kabla ya kusimama. Msimwambie "kemikali zako zimepungua". Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha hilo, na ugonjwa wenyewe hauko rahisi hivyo.

Anayewaza kujiua asiondoke na amitriptilini ya mwezi mzima. Vidonge vingi kwa pamoja huvuruga mapigo ya moyo na huua. Apewe vya wiki moja, vikae kwa ndugu anayemwamini, au mjadiliane na daktari kuhusu fluoksetini, dawa nyingine ya huzuni, ambayo mtu akiizidisha hatari yake ni ndogo zaidi. Atakaporudi, hesabu vilivyobaki mbele yake.